Kima Adai Haki ya Video Yake

Tangu wanyama waanze kurushiana video, hakuna aliyetazamwa kama Kima, fundi wa kucheza. Asubuhi moja alifungua simu akapigwa na butwaa. Komba alikuwa amechukua video yake nzima na kuiweka kwenye chaneli yake mwenyewe, na chini ameandika: "Kazi ya Kima, heshima kwake."

Kima alimburuta hadi kwa Korongo, msimamizi wa mtandao.

"Mwizi huyu! Mfungie chaneli!"

"Lakini kaka Kima, si nimekutaja jina?" Komba alijitetea.

"Kunitaja ndiyo kuniomba ruhusa?" Kima alifoka. "Mzee Korongo, iwe sheria kwa kila mnyama, leo hii hii!"

Korongo alikubali. Akabonyeza kitufe kwa mdomo wake mrefu, chaneli ya Komba ikafungwa. Kima akaruka sarakasi kwa furaha, na kabla hajatua akasikia sauti nyembamba nyuma yake. Alikuwa Chiriku, ndege mwimbaji.

"Mzee, wimbo anaouchezea Kima kwenye video hiyo ni wangu. Hakuniomba."

Kima akageuka.

"Dada Chiriku! Mbona jina lako nimeliandika pale chini?"

Korongo alikwisha kuinamia kitufe. Komba akamkodolea Kima macho yake makubwa.

"Kaka Kima, hebu mwambie Dada yale uliyoniambia mimi."