Sauti ya Kichakani

"Mwongoza watalii gani anajificha kichakani?" Gaspar alipiga meza mpaka darubini ikaruka. "Siku nzima! Wageni sita, hakuna aliyeiona sura yako!"

"Watano waliiona!" Zuberi naye akapandisha sauti.

"Na wa sita? Huyo kalipa nusu?"

Gaspar alikuwa mgeni, hata mwezi hajamaliza tangu atoke Beira kuja kusimamia kambi hii. Na siku hizi kaskazini huku, tangu vita, watalii ni wa kubembeleza. Mmoja akinung'unika, kazi ya mtu inaota mbawa. Zuberi ameoa juzijuzi tu. Bila kazi hii nani angempa mke?

"Yule mgeni, Dona Beatriz, kaniambia yote," Gaspar akaendelea. "Mmefika juu ya mwamba. Bahari yote iko chini yenu. Nyangumi huyo anarusha maji, mwanawe ubavuni! Na wewe uko wapi? Miibani!"

"Nilikuwa nawaeleza."

"Kutoka miibani! Watu wanasikia kichaka kinasema, 'Tazameni kushoto, nyangumi.' Watoto wakadhani jini!"

Kweli, mtoto mmoja alilia.

Na hilo lilikuwa la asubuhi. Walipoteremka pwani kuangalia kasa, njia ilipopinda Zuberi aligeuka, akajitupa chini nyuma ya jiwe. Dona Beatriz akajua basi, chui huyo. Naye akajitupa. Watoto wakajitupa, mume wake akajitupa juu ya mkoba wa chakula. Wakalala kifudifudi, mchanga mdomoni, kila mtu anasoma dua anayoijua. Aliyebaki kasimama ni bibi mmoja tu, aliyetoka Mocímboa peke yake, uso kaupaka msiro, ile dawa nyeupe ya urembo. Yeye kawapa mgongo wote, anatafuna mhogo wake mkavu.

"Na yule bibi naye!" Gaspar akashika kichwa. "Kalipia nyangumi, kaangalia mikorosho! Nikimuuliza, eti safari nzuri mno, eti kijana wenu ana adabu. Adabu! Kakuona wapi?"

"Shefe," Zuberi akamwita bosi wake, "si ameridhika?"

"Nyamaza, bwana! Kisha unaongea na miti. Usikatae! Bibi anasogea ukingoni. Badala ya kumwambia, 'Mama, rudi,' wewe unauambia mkorosho: 'Ewe mkorosho, hapo mbele panamomonyoka.'"

"Lakini alirudi."

"Mkorosho?"

"Bibi."

Gaspar akakaa. Akamtazama kama mtu anayetazama injini iliyokufa katikati ya bahari.

"Unakunywa?"

"Sinywi."

"Jua limekupiga?"

"Mimi mzima."

"Sasa nini?"

Zuberi akatazama vidole vyake vya miguu. Kusema angeweza. Lakini Gaspar alikuwa mtu wa kucheka kwanza, halafu kuita jiko zima lije licheke naye. Kuna mambo huyapeleki jikoni.

"Haya," Gaspar akasema. "Wageni wako barazani wanangoja gari. Unatoka hapo, unampa mkono kila mmoja, unamtazama machoni, unaomba radhi. Anza na yule bibi, ndiye mkubwa wao. Ukishindwa, kazi huna."

Zuberi akamfikiria mkewe, anavyowatangazia majirani pale Quitunda kwamba mume wake anafanya kazi na nyangumi. Akafikiri atamwambia nini leo.

Akavua beji shingoni, akaiweka mezani taratibu.

"Baki na kazi yako, shefe."

"Umerogwa? Unaacha kazi kwa sababu ya kumpa mkono bibi kizee?"

Zuberi akageuka. Akaenda mlangoni, akasimama. Akakohoa kwa nguvu. Kisha akabisha hodi kwa ndani, kama mtu anayetaka kuingia, akangoja kidogo.

"Hodi ya kutokea!" Gaspar akapiga kelele. "Mama yangu, huyu kaharibika!"

Kule barazani yule bibi akajitanda kanga mpaka puani, akageukia ukutani, akatulia ili mume wa binti yake apite. Zuberi akapita, macho chini, akafunga mlango.