Shati la Harufu

Sheria ya uwindaji inataka mtu mmoja katika kila msafara avae shati la harufu, ili mnyama naye ajue wa kumshambulia. Haisemi awe nani.

Kalunde aliuza mavazi ya porini mjini Manyoni. Asubuhi hiyo alimchagulia mteja, Bwana Haule, buti za ngozi zenye soli nene na suruali ya kaki isiyochanika kwa miiba. Koti la bluu alimkataza, kwa sababu mbung'o hupenda rangi hiyo.

"Na shati la harufu unavaa saizi gani?"

"Hilo si langu. Atavaa mfuata nyayo wetu, Mihayo."

Mihayo alikuwa mume wake. Kalunde akalitandaza shati mbele ya Haule.

"Bunduki ni yako na nyati unamtaka wewe. Livae mwenyewe, au utoke dukani kwangu."

Haule akatoka bila kununua kitu.

Jioni Mihayo alirudi na shati kama lile, limenunuliwa duka jingine.

"Mama Sungwa, unataka nifukuzwe kazi?" alimuuliza mkewe.

Kalunde akalikagua shati. Mshono wa kwapani ulikuwa umeachia, na nguo ikinasa mwibani mtu hakimbii. Akaushona mara mbili, akivuta uzi kama anayemnyonga mtu, kisha akamvalisha.

"Inua mkono."

Mihayo akainua wa kushoto.

"Huo mwingine."

Mkono uliovunjwa na nyati mwaka jana ukaishia kifuani.