Duara la Kijani

Bi Salha aliingia dukani kwa sonara Haidari akiwa ameficha mkono wa kushoto ndani ya buibui. Alipoketi akautoa taratibu. Bangili aliyotengenezewa mwaka jana ilikuwa imefifia, na chini yake ngozi ilikuwa na duara la kijani.

"Nisamehe, fundi," alisema. "Nimeiharibu kazi yako. Jasho langu kali, hata marehemu mama alikuwa akinisema."

Haidari aliipokea bangili. Mwaka jana Bi Salha alikuwa amemletea sarafu ya zamani ya nusu dola ya Kimarekani, ya madini ya fedha, aliyoachiwa na mama yake, akaomba iyeyushwe aivae mkononi. Haidari alikuwa akikusanya nusu dola hizo tangu ujana wake, na ya mwaka ulioandikwa kwenye hiyo hakuwa nayo. Akajiwekea sarafu ile bila kumwambia. Bangili akaitengeneza kwa shaba, akaipaka maji ya fedha.

Sasa aliisugua kwa majivu na ndimu. Kadiri alivyosugua ndivyo weupe ulivyozidi kubanduka na shaba kuonekana. Boksi la sarafu zake lilikuwa chini ya meza, likimgusa goti.

"Iyeyushe upya, fundi, umfanyie binti yangu," alisema Bi Salha. "Yeye hana jasho kama langu. Sitaki akose baraka ya bibi yake kwa ubaya wa mwili wangu. Nipime mimi, mikono yetu sawa."

Akamnyooshea mkono. Haidari akauzungusha uzi wa kupimia juu ya ule ukijani, na vidole vyake vikashindwa kufunga fundo.