Kuba la Rangi

Kanisa kuu la mji ule lina malaika wa dhahabu na nguzo zilizosokotwa kama kamba, ila kuba halina. Waashi waliishiwa mawe, au walichoka tu, nani ajuaye. Mchoraji akalichora kuba darini, na dari yenyewe ni bapa kama meza. Ukiwa pembeni unaliona limepinda, kama linataka kukuangukia. Ukisimama juu ya jiwe jeusi katikati ya sakafu, kuba linanyooka na kupaa. Ndiyo maana maharusi husimama pale, wawili wawili. Mtu wa peke yake halikanyagi jiwe lile; husemwa kuba litampindia.

Tangu azikwe mumewe, Skolastika alikuwa akikaa pembeni. Jumapili ile, watu walipokwisha kutoka, mama mkwe wake, Bi Fortunata, alimshika mkono.

"Njoo."

"Mama, lile ni la maharusi."

"Ni la watu wawili. Kwani sisi ni wangapi?"

Wakaenda polepole, fimbo ya bibi ikigonga sakafu. Walipofika juu ya jiwe, Skolastika aliinamisha kichwa, akavitazama viatu vyake vyeusi.

"Tulimzika mwanangu," alisema Bi Fortunata. "Wewe hatukukuzika. Tazama juu."

Akatazama. Madirisha yaliyochorwa kwenye kuba yalipanda moja juu ya jingine, na mwanga ukamiminika. Machozi yalimtoka, lakini hakuteremsha macho, hata alipohisi vidole vya mama mkwe vikiuachia mkono wake, na fimbo ikigonga sakafu taratibu kuelekea mlangoni.

Kuba halikupinda.