Ndama wa Barwako

Mkono wa Shamso ulikuwa ndani ya ngamia hadi begani, na watu wa nyumba ya mumewe walikuwa wamesimama nyuma yake kama wanaosubiri mwezi wa Idi uandame.

"Tumbo la uzazi liko sawa," alisema. "Msisogee. Akiinuka tutaumia sote."

Ngamia mwenyewe, Barwako, alikuwa amekalishwa chini, miguu imefungwa kamba, anaguna na kucheua kama jambo lile halimhusu. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Ukame ulipopita Kotile ulichukua ngamia majike kumi na mmoja wa mzee Shirwa, baba mkwe wa Shamso, ukamwachia huyu bibi kizee peke yake. Sasa ilibidi kuamua: apandishwe dume azae tena, au aachwe apumzike? Akishika mimba kwa umri ule, anaweza kufa akizaa. Asiposhika, uzao wake umekwisha.

Shamso alikuwa daktari wa mifugo Garissa mjini, na siku hiyo alitamani angekuwa mwalimu wa chekechea. Maana alikuwa na siri. Kwao, mtoto anapofungwa kitovu hupewa mnyama, na wote watakaozaliwa na mnyama huyo ni mali ya mtoto maisha yake yote. Binti yake Kowsar alipozaliwa, miezi minane iliyopita, mzee Shirwa alimpakata, machozi yakamtoka, akamnong'oneza Shamso: "Ndama jike wa kwanza atakayezaliwa sasa na Barwako ni wa huyu. Lakini usimwambie mtu. Wengine wataona wivu."

Shamso hakumwambia mtu, hata mumewe.

Na leo ndiye anayetakiwa kusema kama ndama huyo atakuwepo! Akisema ndiyo na ngamia akafa, atakuwa amemwulia mzee ngamia wake pekee kwa tamaa ya mali ya mwanawe. Akisema hapana, Kowsar hatapata hata unywele wa mkia. Usiku wa kuamkia safari hakulala vizuri.

Tena jamaa walimkalia kooni kweli kweli. Shemeji yake Guled alimfuata kwenye gari hata hajashuka.

"Daktari, huyu anazaa tu. Mimi namjua. Halafu ukimpima, angalia pia kama ataleta jike."

"Hilo halipimwi, Guled. Hata mimba hana."

"Wewe jaribu."

Siham, mke wa Guled, akiwa na mtoto mgongoni, alimletea chai ya maziwa iliyojaa iliki na sukari ya kuwatosha watu watatu, akasimama pale pale mpaka aimalize. Daud, shemeji yake mwingine anayeishi Tarbaj, alipiga simu mara tatu. Mara ya tatu kitoto kilikuwa kikilia karibu na simu. "Abayo," alimwomba, kwa sauti ile ya kumbembeleza dada, "usituvunje moyo." Na wifi yake Fatumo, aliyerudi kwa baba yake kujifungua na ambaye arobaini yake haijatimia, alikuwa ametoka ndani na kichanga chake kuja kusimama juani.

Shamso alishangaa jinsi walivyompenda ngamia yule. Wenzake wana mapenzi, alijisuta, na yeye ana lake moyoni. Aliona aibu kuwatazama.

Mzee Shirwa peke yake ndiye hakutaka kusikia. Msimu wa mvua dume la jirani lilikuja mara mbili likitoka povu mdomoni, na mara zote mbili mzee alilikimbiza kwa fimbo mpaka barabarani, na miaka yake sabini na sita. "Mwacheni mama wa watu," alifoka. Ndipo wanawe wakaona bora waite daktari.

Shamso alichomoa mkono, akavua glavu, akaenda kutazama meno kwa mara ya pili na nundu kwa mara ya tatu. Kisha akajiuliza: kama ndama huyu angekuwa wa mtu mwingine kabisa, ningesemaje? Alilirudia swali hilo mpaka akawa na hakika na jibu lake.

"Anaweza," alisema. "Mara moja tu. Alishwe vizuri, na siku za kuzaa zikikaribia nitakuja nilale hapa hapa."

Guled alisema alhamdulillahi mara tatu. Siham alijifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Fatumo alipiga kigelegele kichanga kikaamka.

Mzee Shirwa tu ndiye aliyebaki ameegemea fimbo, uso umempauka. Akageuka, akajiondokea polepole kuelekea nyuma ya nyumba.

Shamso alimhurumia sana. Alinawa haraka haraka, akamfuata.

"Adeer," alimwambia, akimwita baba mdogo kwa heshima kama siku zote, "najua unavyompenda. Usiogope. Wallahi nitamwangalia kama mwanangu, hatakufa."

Mzee alichungulia huku na huku kuhakikisha hakuna mtu karibu.

"Siogopi afe, binti yangu," alinong'ona. "Niambie ukweli, wewe umesoma. Ngamia anaweza kuzaa wanne kwa mpigo mmoja, wote majike?" Akahesabu tena vidole vyake, akakunja uso. "Watano. Kuna na yule mjukuu wa kule Diff."