Kati ya Ndege na Meli

“Hapo katikati,” Chepkemei alisema kwa mara ya pili. “Kati ya ndege na meli. Hapo ndipo sitaki mchezo.”

Alikuwa ameketi kwenye kiti chenye mto, kile cha wateja wakubwa. Alipoingia, kijana Pradeep, karani wa ofisi, alimwonyesha benchi la nje, mahali alipokuwa akingoja miaka yote alipotumwa kutoka shambani Keringet kuchukua vifurushi vya Bwana Thornley. Chepkemei alilitazama lile benchi, kisha akakivuta kiti karibu zaidi na meza. Mabuti yake ya mpira yaliacha matope sakafuni, naye hakuomba radhi.

Ilikuwa mwaka wa 1965, mvua za mwezi wa nne zikianza, na ofisi ile ya usafiri mjini Nakuru haikuwa imezoea kumuuzia mpishi tiketi ya meli.

“Bwana wako anasafiri lini?” Pradeep alikuwa ameuliza mwanzoni.

“Sina bwana. Na hakuna aliyenituma.”

Basi wakaanza. Meli ilikuwa ile kubwa ya abiria inayoondoka Kilindini kwenda London. Ndege ndogo ya kutoka Nakuru mpaka Mombasa aliichagua mwenyewe. Treni aliikataa kabla Pradeep hajamaliza kuisifu.

“Ni rahisi, mama. Na inakufikisha karibu na bandari.”

“Inasimama kila stesheni. Mtu anaweza kushuka.”

“Kama hutaki kushuka, hutashuka.”

Pradeep akageuza ukurasa.

“Haya. Ukitoka uwanja wa ndege kuna basi la hoteli. Linawapeleka abiria wapumzike kwanza, wanywe chai, halafu linawapeleka bandarini.”

“Chai hapana. Hoteli ina viti vizuri. Mtu akishakaa, kumwinua ni kazi.”

“Basi chukua teksi.”

“Dereva wa teksi anamsikiliza aliyekaa nyuma. Akiambiwa ageuze, anageuza.”

“Nani atamwambia ageuze?”

“Moyo unaweza kubadilika njiani, mtu akishaiona meli.”

Pradeep alitabasamu. Sasa alidhani amemwelewa: huu ni woga wa mtu ambaye hajawahi kuona bahari. Akaanza hata kumwonea huruma.

Mzee Yusufali, mwenye ofisi, alitokea chumba cha nyuma na kikombe chake mkononi. Kama watu wote mjini, alikuwa amesikia kwamba shamba la Thornley limeuzwa, wafanyakazi wakaungana wakalinunua na kugawana. Alisimama akimtazama mpishi wa zamani pale kwenye kiti cha mto.

“Chepkemei, shamba mmelipata majuzi tu. Mahindi atapanda nani?”

“Yatapandwa, mzee.”

“Nasikia bado unalala kwenye kibanda cha wafanyakazi.”

“Bado.”

“Sasa meli ya nini? Jenga kwanza.”

Chepkemei alimgeukia. Hakupandisha sauti.

“Nimekuja kununua tiketi, mzee. Sikuja kuomba ruhusa. Ruhusa nimeomba miaka mingi, jikoni kwa mtu, hata ya kwenda kumzika mama yangu. Nimemaliza kuomba.”

Akafungua leso, akaweka pesa mezani. “Hizi ni za maua ya pareto tuliyouza. Wanawake wenzangu wamechanga. Wananingoja niwaambie imekwisha.”

Yusufali alitikisa kichwa. Kina mama kuchanga pesa za pareto ili mwenzao akapande meli. Jambo kama hilo hakuwahi kulisikia Nakuru.

“Na watoto wako unawaachia nani?”

“Watoto wangu hawaendi popote.”

Pradeep, ambaye hakupenda kuona mteja mwenye pesa akisumbuliwa, akakohoa kidogo.

“Liko gari la kukodi,” alisema. “Linalipiwa hapahapa. Dereva anachukua amri kwa ofisi hii tu, si kwa abiria.”

Kwa mara ya kwanza Chepkemei aliinama mbele.

“Hata abiria akigomba?”

“Hata akigomba.”

“Na hapiti popote?”

“Hapiti popote. Anakuchukua chini ya ndege, anakushusha kwenye ngazi ya meli.”

“Na asiondoke hapo. Asimame mpaka meli ianze kwenda, ndipo awapigie simu.”

“Asimame kwa nini? Wewe utakuwa umeshapanda.”

“Asimame tu. Nitamlipia.”

Pradeep aliandika hivyo. Akauliza kama pasi ya kusafiria ipo, akaambiwa ipo. Akauliza kama ni kwenda na kurudi.

“Kwenda.”

“Ukinunua ya kurudi sasa ni nafuu, mama.”

“Kwenda, nimesema.”

Yusufali aliweka kikombe chini. “Mama, fikiria tena. London ni baridi. Huna mtu kule.”

“Nimefikiria tangu Krismasi,” Chepkemei alisema. “Kata tiketi, kijana.”

Pradeep alivuta kitabu cha tiketi, akashika kalamu.

“Jina kamili, kama lilivyo kwenye pasi.”

Chepkemei alisimama, akajifunga leso yake kichwani sawasawa.

“Andika Bwana Edward Thornley. Shamba ametuuzia, nyumba kubwa ikaniangukia mimi kwenye kura, na mpaka leo yumo ndani, anasema hajapata usafiri.”