Tandala Aliyekuja Bila Kuitwa

Basi Siwema akainua mwiko agonge ndoo, maana ndivyo tandala wa shamba lile walivyozoea: ndoo ikilia wanakimbilia chakula, na mgeni aliyekuja kuwinda anajichagulia pembe humohumo ndani ya uzio. Kabla hajagonga, weee! Dume kubwa likawa limeshafika.

Lilikuja polepole, udenda ukining'inia kama uzi. Likaipita ndoo. Likampita mgeni na bunduki yake. Likaanza kulamba viganja vya Siwema, aliyelilea kwa chupa tangu likiwa ndama.

Mgeni akacheka. "Mama, huyu mwanao kabisa! Kajileta mwenyewe!"

"Bosi, huyu mzima kweli?" Siwema akauliza. "Mbwa wa shemeji alianza hivihivi. Upole wa ghafla, udenda, mwishowe hata maji hataki. Kumbe kichaa!"

"Yule mbwa, huyu tandala," akajibu Kasembo, mwenye shamba. "Tumemfuga wenyewe, atuogope nini? Hebu sogea, dada, usije ukapigwa wewe."

Siwema akasogea. Mlio mmoja tu, dume chini, na mgeni tayari ameshika pembe anataka picha.

Hapo ndipo Siwema alipotazama viganja vyake. Vimepasukapasuka kwa kazi, damu mbichi kwenye nyufa, na vimelowa udenda. Akakimbilia birika la kunyweshea wanyama akanawe.

Birika limejaa maji pomoni. Kundi zima limelizunguka juani, ndimi nje, na hakuna hata mmoja anayekunywa.

Wakamwona. Wakaanza kumjia, taratibu, wapole mno.